Mwaka Ambao Mama Alikula kwa Niaba Yangu

Siku ya hitima ya mama, Bi Zubeda alinipakulia biriani kwa mkono wake mwenyewe. Tulikuwa tumekaa mkekani katika chumba cha mbele, wanawake tumebanana goti kwa goti, moshi wa ubani umetanda mpaka darini, naye akapita juu ya miguu ya watu ameishika sahani kama mtu aliyebeba taa inayowaka. Akaiweka mapajani mwangu. "Kula, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Mamako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniachia hata punje. Kwangu alikula, akaomba tena. Alikuwa mtu wa kumfurahisha mpishi." Wanawake wakaitikia kwa huzuni iliyochanganyika na kicheko kidogo, kama watu wanavyomkumbuka marehemu aliyependa jambo fulani la kidunia. Niliutazama wali wa zafarani, viazi vilivyokaangwa, mnofu wa mbuzi na mafuta mekundu yaliyokuwa yakichuruzika pembeni mwa sahani. Mama hakupenda biriani. Mama alikuwa mtu wa mchicha, samaki wa kupaka na kipande cha muhogo, na alikuwa na sukari tangu nikiwa shule ya msingi. Katika chumba kile chote, hakuna aliyejua alikula kwa sababu gani isipokuwa mimi.

Mwaka alioanza kula hivyo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nilikuwa mpaka hina, nikiwachora maharusi mikono na miguu. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu iliyopasuka kioo, nikichora juu ya mapaja yangu mwenyewe usiku na kuyaficha chini ya dera asubuhi. Nilikuwa na ugonjwa wa ukamilifu, kama kuna ugonjwa wa namna hiyo. Ua la mkono wa kulia likizidi la kushoto kwa jani moja, nilifuta yote mawili nikaanza upya, huku bi harusi akilalamika kwamba miguu imekufa ganzi. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina. Kutoka Shela hapa Malindi mpaka Mambrui watu walikuwa wakisema, "Mtafuteni Rukia, yule mwenye mkono usiotetemeka," na mimi niliyasikia maneno hayo kwa woga zaidi kuliko furaha, kwa sababu nilijua siku moja utatetemeka.

Ulitetemeka Mambrui. Nilikuwa nimeinama juu ya mguu wa bi harusi, chumba kimejaa mashoga zake wanaocheka, ghafla tumbo likaniviringa kama nguo inayokamuliwa. Nikaomba choo. Nikarudi. Nikaomba tena. Mara ya tatu niliona damu, na si damu ya mwezi. Nilikaa mle chooni nimeshika ukuta, nikimsikia msichana mmoja nje akisema, "Leo mpaka hina amekuja kuchora choo chetu," na wenzake wakaangua kicheko. Nikajikosha, nikatoka, nikacheka nao. Maua ya mguu ule hayakulingana. Ninayo mpaka leo picha yake kichwani, jani kwa jani.

Mwenye duka la dawa mtaani hakunipima. Alinisikiliza mpaka neno "damu," akakata shauri. "Amiba hiyo, dadangu. Mmezidi kula vya njiani." Nikameza dawa ya amiba. Haikusaidia, akasema ni homa ya matumbo, akanipa kapsuli za rangi mbili. Hazikusaidia, akanipa kali zaidi, na kwa ule mgongo wangu uliokuwa ukiniuma kwa kuinama, akaniongezea vidonge vya maumivu nivimeze asubuhi na jioni. Kila dozi nilipata nafuu ya siku kadhaa, kisha tumbo likarudi na hasira. Shangazi yangu Mwaka akaja kutoka Sabaki na kapu la maembe, akaniangalia mashavu yalivyobonyea, akamgeukia mama. "Huyu si mgonjwa. Huyu amelishwa. Mtu anayeingia nyumba za watu kila wiki na kula kila anachopewa, wewe ulitegemea nini? Asile tena kwa watu."

Mama hakuamini mambo ya kulishwa uchawi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuona kwamba chakula cha harusini kilikuwa kinaniua. Mafuta, pilipili, maziwa ya faluda. Nikivigusa tu, jioni niko chooni. Basi katika harusi iliyofuata niliacha sahani. Niliisukuma kando kwa adabu nikasema, "Ahsanteni, nimeshiba." Mtu wa kwingine hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu mpaka hina hatoki nyumba ya harusi bila kula, na sahani yake huletwa na mama wa bi harusi mwenyewe. Kuiacha, huku umeonekana mwembamba na umeingia na kutoka kila mara, ni kuwaambia wenye nyumba mbele ya wageni: nawaogopa. Mama wa bi harusi aliichukua ile sahani, akala tonge moja mbele yangu, akanitazama machoni, akameza. "Umeona? Sijafa." Wiki ile harusi mbili zilinifuta. Mwenye harusi mmoja aliniambia kwa simu, bila kuzunguka, "Hatutaki mtu atakayetuita wachawi."

Hapo ndipo mama alipoamua. Alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda akikuna nazi, hakuinua hata kichwa. "Nitakwenda na wewe," akasema. "Nitakushikia koni za hina na pamba. Sahani ikija, tutakula pamoja, na watakaoangalia wataona sahani tupu."

"Wewe una sukari, mama."

"Sukari yangu naijua mimi."

"Basi niwaambie tu naumwa."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Utawaambia nini, Rukia? Kwamba mpaka hina wa mabinti zao anatokwa damu nyuma? Nani atakupa mkono wa mwanawe uushike? Nani atakuja hapa kukuposa?" Akaendelea kukuna. "Mtu haambiwi maradhi ya tumbo. Maradhi ya tumbo yanakaa tumboni."

Nilidhani itakuwa harusi moja au mbili. Lakini ulikuwa unaingia mwezi wa Shaaban, watu wanakimbilia kuoza mabinti zao kabla ya Ramadhani, na nyumba zikarundikana. Mama alikula. Alikula biriani Shela, pilau Mambrui, tambi za sukari na mkate wa sinia huku na halwa kule. Alikaa karibu nami kiasi kwamba sahani ilikuwa moja, mkono wangu ulikwenda na kurudi mtupu, na wake ulijaa. Alijifunza hata kusifu. "Nani huyu aliyepika? Niletee nimbusu mkono." Na wapishi wakampenda, wakamwongeza. Nilikuwa nachora nikimsikia akitafuna nyuma ya bega langu, na sauti ile ya kutafuna ndiyo iliyobaki na mimi kuliko ngoma na vigelegele vya mwaka ule wote.

Katikati ya harusi hizo tulikwenda Mombasa kwa daktari wa matumbo. Waliniingiza kamera, wakakata vipande vidogo vya nyama, wakanipa jina: vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo wa mwili huohuo, unaotulizwa lakini hauondoki. Mama aliuliza swali moja tu. "Umetoka wapi?" Daktari, kijana mwenye sauti ya uchovu, alisema hajui. Alisema ni mambo mengi yakikutana na mwili uliokuwa tayari kuyapokea. Akaandika dawa. Akanikataza vile vidonge vya maumivu, akasema huweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Nilimwuliza na zile kapsuli, akainua mabega.

Jibu lile halikunitosha. Mtu anayefuta ua zima kwa sababu ya jani moja hawezi kuambiwa "mambo mengi" akalala usingizi. Niliamini kwamba nikilijua jambo lililoniletea ugonjwa, nitaweza kulifuta. Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku na mchana, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, neno moja naelewa, jingine naliuliza. Niliyapata mengi. Kwamba ugonjwa huu ulionekana zaidi kwa watu wa miji na viwanda, na unaongezeka kwa watu wanaohamia maisha hayo. Kwamba watafiti wanashuku vyakula vya viwandani, vile vinavyokaa paketini miezi bila kuoza, sukari nyingi, uchache wa mboga na nafaka. Kwamba wanashuku hewa chafu na wasiwasi wa muda mrefu. Kwa habari ya sigara walinichanganya kabisa: huuchochea ugonjwa mwingine ulio ndugu wa wangu, lakini huu wangu huonekana zaidi kwa wasiovuta na walioacha. Mjomba wangu aliyevuta tangu ujana alikuwa mzima kama jiwe la mto. Nilimchukia kwa hilo, kwa kweli kabisa, kila alipokohoa mlangoni kwetu na kucheka.

Na kulikuwa na jambo la utoto. Nililisoma mara nyingi nikitumaini nimekosea tafsiri. Watoto waliopewa antibiotiki nyingi wakiwa wadogo. Watoto waliokulia katika usafi uliozidi, wasiokutana na udongo na vijidudu vyake, ambao huenda kinga yao haikujifunza kumtambua adui. Wanasema huenda, daima wanasema huenda. Mama alikuwa mtu aliyechemsha maji mara mbili. Alinifunga viatu nilipokwenda Sabaki kwa shangazi, alinikataza kuingia mtoni, alinikimbiza duka la dawa kwa kila kikohozi. Watoto wa shangazi Mwaka waliogelea na ng'ombe na kunywa walipokuwa wakiogelea, na mpaka leo tumbo wanalitambua wakati wa njaa tu.

Mama aliniona ninavyosoma. Siku moja alasiri, baada ya kumeza dawa yake ya sukari, alikaa kitandani kwangu akasema, "Nisomee na mimi. Wamesema nini kinauleta?" Nilimsomea. Niliruka usafi na niliruka kapsuli za utotoni. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Umeacha kitu. Huwa ukiacha kitu unalamba mdomo." Nikamsomea na hayo. Shangazi Mwaka alikuwa mlangoni anachambua mchele, akasikia, na hakuweza kujizuia. "Mimi nilisema! Nilisema mtoto analelewa kama yai! Yai lenyewe hutoka na kinyesi cha kuku, ndiyo maana linaanguliwa."

Nilimngoja mama alie au amjibu. Yeye aliuliza, "Zile kapsuli za homa ya kifua, ulipokuwa mdogo na huwezi kuvuta pumzi, nazo wamezisema?"

"Wanasema huenda, mama. Hawana hakika."

"Nisingekupa ungekufa."

"Najua."

"Basi." Akainuka akalainisha shuka mahali alipokuwa amekaa. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka, "Harusi ya kwa Bi Zubeda ni lini?"

Toka siku ile alikula kwa namna nyingine. Zamani alikula kama mtu anayefanya kazi. Sasa alikula kama mtu anayelipia kitu. Nilimkataza, na sikumkataza kwa upole. Nilimfuata mpaka uani nikampigia kelele kwamba maji anayokunywa hayamtoshi tena, kwamba anaamka kwenda chooni kuliko mimi mwenye vidonda. Alinitazama akasema maneno manne tu: "Basi kula wewe, Rukia." Nilikuwa na njia mbili. Nile, nivuje damu mbele za watu, nipoteze kazi iliyokuwa ikinunua dawa zake na zangu. Au niseme, na yeye alikuwa amekwisha kukataza kusema. Nimezigeuza njia hizo tangu wakati huo kama anayetafuta kosa kwenye ua, na sijaliona jani la kufuta.

Harusi ya bintiye Bi Zubeda ilikuwa kubwa kuliko zote. Nyumba ya ghorofa, zulia jipya, mapazia ya rangi ya samli, chumba cha hina kina kiyoyozi na choo chake chenyewe, jambo nililomshukuru Mungu kwalo kabla ya kumsalimu mtu. "Shikamoo, Bi Zubeda." "Marahaba, mwanangu. Mikono hiyo leo nataka inipe raha." Nilipokuwa nikichora, wanawake waliokaa nyuma yangu walianza kumzungumza msichana aliyetakiwa kupika keki, ambaye ilisemekana ana mabaka ya ngozi mikononi. Mmoja alimtetea kwamba si ya kuambukiza. Bi Zubeda alikuwa akipanga udi kwenye chetezo. "Ya kuambukiza au si ya kuambukiza," alisema, "mwenye maradhi akae kwao. Harusi ni ya wazima." Wote wakasema kweli. Mama, aliyenishikia koni, alinibonyeza kidole mgongoni, taratibu, kama kusema: umesikia?

Kisha sinia ikaja. Biriani, sambusa, katlesi, na bakuli la aiskrimu ya rangi ya waridi kutoka ndoo ya plastiki. Bi Zubeda alisimama palepale kuona. Mama alikula yote. Alikula wali mpaka chini ya sinia ikaonekana, akala sambusa zangu, akaila na aiskrimu, akalamba kijiko, akasema, "Bi Zubeda, kimebaki jikoni?" Na Bi Zubeda akapiga makofi kwa furaha akaagiza sahani nyingine. Mama aliila na hiyo. Paji lake la uso lilikuwa limelowa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Mikono ya bi harusi siku ile ilitoka sawa, jani kwa jani, kulia na kushoto. Sijawahi kuchora vizuri kama siku ile.

Tulirudi kwa tuktuk jua likiwa bado juu. Mama aliegemeza kichwa kwenye chuma cha pembeni, akanywa chupa ya maji, akamsimamisha dereva anunue nyingine. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa nikisoma kuhusu vitu wanavyotia kwenye aiskrimu za viwandani ili maji na mafuta yasitengane, kwamba vinashukiwa kuula ute unaoulinda utumbo. Nilimsomea. Alifungua jicho moja. "Alhamdulillahi," akasema, "hukuila wewe."

Kidonda cha mguu wa mama kilianza baada ya Ramadhani, chini ya kidole kidogo, kiasi cha punje ya mtama. Hakikupona. Kwa miaka kadhaa walimkata kidogo kidogo, kidole, kisha wayo, kisha chini ya goti, na figo zikafuata. Kuhusu kifo chake hakuna anayesema "huenda." Daktari wake hakuinua mabega. Ugonjwa wangu mimi, niliousomea mpaka macho yakauma, mpaka leo sijui umetoka kwa kapsuli, kwa maji safi, kwa mji, kwa wasiwasi wangu au kwa damu niliyozaliwa nayo. Dawa zimeutuliza. Wa kwake niliuona ukipakuliwa mbele yangu, ukirundikwa kwenye sinia, ukipambwa kwa zabibu. Watu huniambia nisimlaumu mtu. Namlaumu mama kwa kunikataza kusema. Nawalaumu wale waliosimama kuangalia sahani yangu. Naulaumu ule utumbo, ambao hauna masikio.

Kwa hiyo siku ya hitima, na ile sahani mapajani, sikusogeza mkono. Hapakuwa na mtu tena kando yangu wa kuila. Bi Zubeda alisubiri, kama alivyosubiri mwaka ule. "Kula basi," akasema.

"Sili, Bi Zubeda. Nina vidonda vya utumbo. Ninavyo tangu kabla ya harusi ya mwanao. Sahani zote zile mama alinilia mimi, na yeye alikuwa na sukari."

Bi Zubeda alikuwa mzee sasa, na macho yake yalijaa machozi upesi, machozi ya kweli, siwezi kumnyima hilo. Alinishika shavu. "Lo, mwanangu," akasema. "Ungesema tu."

"Harusi ni ya wazima," nilimjibu.

Alinitazama bila kuelewa. Yale maneno hakuyakumbuka. Kwake yalikuwa maneno ya siku moja, ya mtu anayepanga udi. Aliichukua sahani kutoka mapajani mwangu, akaenda nayo jikoni akifuta macho kwa pindo la buibui, na baada ya muda akarudi na bakuli la uji wa mchele, mwepesi, bila maziwa wala sukari, akanipulizia upoe. Niliunywa. Ulikuwa umepikwa kwa muda mfupi ambao mimi, nikiwa na mkono mzuri, nisingemaliza hata kidole kimoja cha bi harusi.